Somo wa tarehe: shajara ya ukurasa wa Aprili 13

Januari 6, 2026: Wazo

Jana ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Ngũgĩ wa Thiong'o, ya kwanza tangu afariki Mei 28, 2025. Nilitaka tu kuhakikisha mwaka, 1938, nikajikuta nimekaa hadi usiku. Januari 5 hiyohiyo alizaliwa Friedrich Dürrenmatt mwaka 1921, Umberto Eco mwaka 1932, na László Krasznahorkai, aliyepewa Nobel ya Fasihi mwaka jana, mwaka 1954. Mswisi, Mtaliano, Mhungari na mtoto wa Limuru, wote katika kisanduku kimoja cha kalenda.

Kiswahili kina neno *somo* kwa mtu mnayeshiriki jina. Hawa ni somo wa tarehe. Nimeamua kutengeneza kalenda ya waandishi na wanazuoni: kurasa 366, kila ukurasa na watu wa siku yake, kila mtu na mistari miwili mitatu ya kazi zake. Naandika shajara hii ili anayetaka kuiga aanzie nilipofika, asirudie nilipojikwaa. Makadirio yangu: saa 40.

Januari 10: Kila mtu kazaliwa Januari 1

Nimepakua orodha ya waandishi na tarehe zao kutoka Wikidata, hazina ya data huria ambayo yeyote anaweza kuiuliza maswali. Kupakua kulichukua dakika chache. Kupanga kwa siku kulichukua dakika chache zaidi. Nikafungua ukurasa wa kwanza, Januari 1, nikakuta umati. Washairi wa karne ya 9, watawa, wanafalsafa wa Kigiriki, wote wamezaliwa Mwaka Mpya.

Kosa ni langu. Mtu anayejulikana mwaka wake tu lazima ahifadhiwe kwa namna fulani, na kompyuta haipendi tarehe yenye nafasi tupu, kwa hiyo mwaka mtupu hutoka ukiwa umevishwa Januari 1. Anayejulikana mwezi na mwaka hutoka akiwa wa tarehe 1 ya mwezi huo. Pembeni ya kila tarehe pana namba inayosema uhakika wake: 9 ni mwaka tu, 10 ni mwezi, 11 ni siku kamili. Mimi sikuiomba hiyo namba. Niliomba tarehe, nikapewa tarehe.

Saa nilizotumia: 6.

Januari 17: Nimemfuta Shaaban Robert

Badala ya kurudi kuiomba ile namba, nilichukua njia ya mkato: nikafuta wote wa Januari 1. Safi kabisa. Siku tatu baadaye nikamtafuta Shaaban Robert nimwandikie mistari yake, hayupo. Alizaliwa Januari 1, 1909, Vibambani, Tanga, na nilikuwa nimemtupa pamoja na wale ambao siku yao haikuandikwa popote. Nilikuwa nimemtupa pia E. M. Forster (1879), J. D. Salinger (1919) na mwanafizikia Satyendra Nath Bose (1894), ambao wote ni wa Januari 1 kweli.

Kalenda ya waandishi iliyoandikwa kwa Kiswahili, na wa kwanza kufutwa ni yeye! Nimepakua upya, safari hii na namba ya uhakika, na kubakiza wenye 11 peke yao. Usifute kwa kutazama sura ya tarehe. Uliza imetoka wapi.

Saa: 3.

Januari 25: Ngũgĩ amehamia Mei

Orodha nimeiingiza kwenye jedwali la kompyuta. Mambo mawili yakaharibika kwa pamoja, ndiyo maana nilichelewa kuyatambua.

La kwanza ni mpangilio wa siku na mwezi. Niliandika 5/1/1938, programu ikasoma kwa desturi ya Kimarekani, mwezi kwanza. Ngũgĩ akahamia Mei 1. Eco, ambaye mstari wake niliuandika kwa maneno, akabaki Januari. Kwa hiyo ukurasa ule ule uliozaa wazo hili lote ulikuwa umevunjika vipande viwili bila onyo lolote. Kila tarehe kuanzia 1 hadi 12 ilikuwa hatarini. Kuanzia 13 zilisalimika, kwa kuwa hakuna mwezi wa 13 wa kuzihamishia. Nikaanza kuipenda namba 13.

La pili ni kwamba programu niliyotumia huanza kuhesabu siku mwaka 1900. Chochote cha kabla ya hapo hukichukulia kuwa maneno tu, si tarehe. Haisemi. Inakipanga mahali pengine kimyakimya, ukidhani karne ya 19 haikuzaa mwandishi.

Dawa ya yote mawili ni moja: achana na safu ya tarehe. Weka safu tatu za namba za kawaida, mwaka, mwezi, siku, kila moja peke yake. Haipendezi machoni lakini haina ujanja.

Saa: 7.

Februari 2: Kurasa 366 zimekuwa ukurasa mmoja

Nimetumia saa 16 na sina hata ukurasa mmoja uliokamilika. Leo nimepunguza mradi. Nitafanya siku moja, niifanye hadi mwisho, kisha nione kama zilizobaki zinawezekana.

Nimechagua Aprili 13. Sababu ya kwanza nimeshaitaja, haikuharibika. Ya pili ni watu wenyewe:

Thomas Jefferson (1743), György Lukács (1885), Nella Larsen (1891), Jacques Lacan (1901), Samuel Beckett (1906), Eudora Welty (1909), Julius Nyerere (1922), Seamus Heaney (1939), J. M. G. Le Clézio (1940), Euphrase Kezilahabi (1944).

Kumi. Watatu kati yao wana Nobel ya Fasihi: Beckett mwaka 1969, Heaney mwaka 1995, Le Clézio mwaka 2008. Na Watanzania wawili ambao sikuwahi kuwaona wakitajwa pamoja kwa sababu ya tarehe.

Februari 14: Kalenda ya Kaizari

Jefferson, rais wa tatu wa Marekani, amenila wiki nzima.

Kaburini kwake Monticello, shamba lake la Virginia, pameandikwa kuwa alizaliwa Aprili 2, 1743, na pembeni pana herufi mbili za kuonyesha kuwa ni hesabu ya zamani. Uingereza na makoloni yake walikuwa bado wanafuata kalenda ya Juliasi Kaizari, wakati nchi za Kikatoliki zilikuwa zimehamia ya Papa Gregori tangu 1582. Walipohama, mwaka 1752, Septemba 2 ilifuatwa na Septemba 14. Siku 11 zikarukwa. Aprili 2 ya Jefferson ikawa Aprili 13.

Mimi nilijua jambo hili mapema, na kujua nusu ndiko kulikoniponza. Niliandika kanuni ndogo: aliyezaliwa Uingereza au makoloni yake kabla ya 1752, ongeza siku 11. Ila tarehe nilizopakua zilikuwa zimekwisha kubadilishwa. Jefferson akasogezwa mara ya pili, akatua Aprili 24, akatoweka kwenye ukurasa wangu. Nilimtafuta kwa siku mbili nikidhani nimemfuta kama nilivyomfuta Shaaban Robert.

Tena kanuni ya siku 11 si ya wakati wote. Pengo ni siku 10 hadi mwaka 1700, 11 hadi 1800, 12 hadi 1900, na 13 baada ya hapo. Mwandishi Vladimir Nabokov ndiye mfano mzuri kuliko wote: alizaliwa Aprili 10, 1899 kwa hesabu ya Urusi ya zamani. Karne ya 19 pengo lilikuwa siku 12, kwa hiyo kwa kalenda mpya ni Aprili 22. Lakini mwaka uliofuata pengo likawa 13, na familia ikihesabu kutoka Aprili 10 ilifika Aprili 23. Yeye mwenyewe alipenda Aprili 23, kwa kuwa ndiyo siku inayosherehekewa kuwa ya Shakespeare. Na ya Shakespeare yenyewe ni ya mapokeo. Kilichoandikwa ni ubatizo wake, Aprili 26, 1564.

Nikaona pia kwa nini ule usemi kwamba Newton alizaliwa mwaka aliokufa Galileo una hila ndani yake. Galileo alikufa Januari 8, 1642 kwa kalenda ya Gregori. Newton alizaliwa Krismasi ya 1642 kwa kalenda ya Juliasi. Kwa ile ya Gregori ni Januari 4, 1643. Miaka inalingana ukichanganya kalenda mbili katika sentensi moja.

Kanuni nimeifuta. Nimeongeza safu ya nne, "kalenda", na kila mtu wa kabla ya 1918 (mwaka ambao Urusi nayo ilihama) nimemkagua kwa mkono. Kwa ukurasa mmoja wanakuwa sita tu. Kwa kurasa 366, sijui nitafanyaje, na leo sitaki kufikiri.

Saa: 9.

Februari 28: Cheti kinasema Mei

Nilidhani karne ya 20 ni uwanja wa tambarare. Kumbe Beckett, mwandishi wa Ireland.

Cheti chake cha kuzaliwa kinasema Mei 13, 1906. Yeye alisema siku zote kuwa alizaliwa Ijumaa Kuu, Aprili 13. Karatasi ya serikali upande mmoja, mtu mwenyewe upande mwingine, na tofauti ni mwezi mzima. Ningefuata cheti, ukurasa wangu ungebaki na wenye Nobel wawili.

Nilichoweza kukagua mwenyewe ni kalenda. Pasaka ya 1906 ilikuwa Aprili 15, kwa hiyo Ijumaa Kuu ilikuwa kweli Aprili 13. Mei 13 ilikuwa Jumapili ya kawaida. Wanaosema kuwa alijitungia kuzaliwa siku ya msalaba wana hoja, kwani ni mwandishi ambaye angependa tarehe kama hiyo. Lakini familia inayochelewa kuandikisha mtoto ina sababu ya kusogeza tarehe mbele, na karani anayeandika namba sahihi na mwezi usio sahihi si kitu cha ajabu. Aprili 13 na Mei 13: siku ni ileile, mwezi ndio umeteleza. Nimembakiza.

Mwandishi José Saramago ndiye aliyenisaidia kuamua. Alizaliwa Azinhaga, Ureno, Novemba 16, 1922 (Novemba 16 pia ndiyo siku ya Chinua Achebe, 1930). Nyaraka zake zote zinasema Novemba 18. Muda wa kumwandikisha ulikuwa umepita, na familia ikasogeza tarehe ili isilipe faini. Na hata jina Saramago, ambalo ni la mmea wa porini, lilikuwa la utani la ukoo; karani aliliandika kwenye daftari, na kijana akaja kugundua alipoanza shule. Mtu amebeba jina alilopewa na karani na tarehe iliyokwepa faini, akaenda nayo hadi kwenye Nobel ya 1998.

Kwa hiyo safu nyingine mbili: "tarehe ya karatasi" na "tarehe ya mwenyewe". Zikilingana, moja inatosha. Zisipolingana, ukurasa unafuata ya mwenyewe, na ya karatasi inaandikwa kwa herufi ndogo chini yake.

Saa: 8.

Machi 8: Wenye Nobel watatu si muujiza

Nilimwonyesha rafiki yangu anayefundisha hisabati rasimu ya ukurasa. Nilitegemea ashangae.

"Wako wangapi waliowahi kupewa hiyo Nobel ya Fasihi?"

"Mia moja ishirini na wawili, ukihesabu hadi 2025."

"Basi ningeshangaa kama *hakuna* watatu."

Akachukua kalamu. Katika kundi la watu 23, uwezekano wa wawili kushiriki siku ya kuzaliwa ni asilimia 50.7. Hilo wengi wamelisikia. Kwa watatu kushiriki siku moja, watu 88 wanatosha kuufikisha uwezekano kwenye nusu. Ukiwa na 122, jozi zinazotarajiwa ni kama 20, na utatu unaotarajiwa ni kama mbili. Sababu ni kwamba hatuulizi nani kazaliwa siku ya *Beckett*. Tunauliza siku *yoyote*, na watu 122 wanaweza kuunda makundi 295,240 ya watatu watatu.

Nilikuwa nimeandika juu ya ukurasa "Siku ya ajabu". Nimeifuta. Nilihuzunika kidogo, nikiri. Ila sasa najua kuwa kurasa nyingine 365 nazo zitajaa, na kwamba kinachostahili kuandikwa si kwamba wamekutana, bali nini kinaonekana ukishawaweka pamoja.

Saa: 2.

Machi 21: Nani anaingia

Hii ndiyo hatua iliyochukua muda mrefu kuliko zote, na haina kanuni ya kuandika.

Wasomi hawakunipa shida. Lukács, mzaliwa wa Budapest, mwanafalsafa aliyeandika nadharia ya riwaya. Lacan, mzaliwa wa Paris, daktari wa magonjwa ya akili aliyemsoma Freud upya. Larsen wa Chicago na Welty wa Mississippi ni waandishi bila ubishi. Jefferson nilimkubali kwa ajili ya Azimio la Uhuru la Marekani, kwa sharti kwamba mistari yake iseme pia kwamba aliyeandika watu wote wameumbwa sawa alimiliki watumwa.

Nyerere ndiye aliyenikalisha. Watu watamwona na kusema: huyu si mwandishi, ni rais. Nikajiwekea kipimo: ondoa cheo, je, kinachobaki kinatosha mistari mitatu? Kwa Nyerere kinabaki tafsiri mbili za tamthilia za Shakespeare, ya Kaizari mwaka 1963 na ya mabepari wa Venisi mwaka 1969, pamoja na Injili alizozitia katika tenzi. Anaingia bila cheo. Na sikuweza kutocheka: somo wa Juliasi kwa jina, mfasiri wa Juliasi, ameangukia kwenye ukurasa uliovurugwa wiki nzima na kalenda ya Juliasi.

Jina lake la Kizanaki, Kambarage, ni la mzimu wa mvua. Hilo nalo ni aina ya tarehe. Huenda linakwambia hali ya hewa ya siku ile, jambo ambalo hakuna cheti chochote kwenye jedwali langu kinachoweza.

Halafu Kezilahabi, wa Namagondo, Ukerewe, aliyefariki Januari 9, 2020. Mwandishi na mwanazuoni kwa pamoja: alimfanyia utafiti Shaaban Robert kwa shahada ya uzamili, akapata uzamivu Wisconsin mwaka 1985 kwa tasnifu ya falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Nilimweka mara moja baada ya Le Clézio kwa mpangilio wa miaka. Kisha nikaona ukurasa unavyosomeka ukiruka juu: Nyerere akitunga kwa vina na mizani, na miaka 22 baadaye, tarehe ileile, amezaliwa mtu ambaye diwani yake ya 1974, *Kichomi*, ndiyo iliyowasha ubishi kama shairi la Kiswahili linaweza kuvua vina na mizani likabaki shairi. Ukurasa haukuhitaji maelezo yangu. Niliweka mistari minne ya mmoja na mitatu ya mwingine, nikawaacha.

Kisha nikaona jambo ambalo sikulitafuta. Nyerere mfasiri. Heaney aliyetafsiri *Beowulf* kwa Kiingereza cha leo, 1999. Beckett aliyeandika kwa Kifaransa kisha akajitafsiri mwenyewe kwa Kiingereza. Watu watatu wa siku moja waliohamisha maneno kutoka lugha hadi lugha. Najua rafiki yangu wa hisabati angesema nini kuhusu hilo pia. Nimelitia hata hivyo, bila neno "ajabu". Na tamthilia maarufu ya Beckett ya wale wawili wanaomngoja Godot ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Paris Januari 5, 1953, siku ya Ngũgĩ na Eco. Hiyo sikuitia. Mahali fulani lazima mtu ajizuie.

Saa: 11.

Machi 29: Wote wamezaliwa Aprili 12

Nimechapa karatasi 15 kubwa. Nzuri sana. Kichwa cha kila moja kinasema Aprili 12.

Nilivunja ushauri wangu mwenyewe wa Januari 25. Ili kutengeneza kichwa kizuri, niliandika programu fupi ya kuziunganisha zile safu tatu kuwa tarehe moja. Programu ikaichukua tarehe kuwa saa sita kamili za usiku kwa saa ya kompyuta yangu, kisha ikaibadilisha kuwa saa ya Greenwich, ile ya kimataifa, kabla ya kuiandika. Aliye mashariki ya Greenwich akirudishwa saa chache nyuma kutoka usiku wa manane, anaangukia jana yake. Watu kumi wakahamishwa siku moja kwa sababu ya saa chache.

Kinachoniudhi ni kwamba Kiswahili kina jibu. Kwa hesabu yetu ya zamani siku huanza jua likizama. Usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, na hata magazeti huandika "usiku wa kuamkia" ili asikosee mtu. Ile jioni ya Aprili 12 ambayo kompyuta iliwatupa watu wangu ni usiku wa kuamkia Aprili 13. Kwa bibi yeyote wa Pwani, watu wangu walikuwa bado kwenye siku yao.

Lakini hainisaidii. Dawa: usiunganishe. Andika kichwa kwa kuchukua namba ya mwezi, tafuta jina lake kwenye orodha ya majina 12, ongeza namba ya siku. Hakuna saa, hakuna Greenwich.

Saa: 4. Karatasi zilizoharibika: 15, ambazo sasa natumia upande wa pili.

Aprili 6: Ukurasa umekamilika

Chapa ya pili imetoka, kichwa kinasema Aprili 13. Nimekagua majina kumi kwa kidole, mmoja mmoja, kutoka chini kwenda juu, kwa sababu kutoka juu kwenda chini macho huwa yameshazoea. Kosa moja: miaka ya Welty na Beckett ilikuwa imebadilishana. Nimerekebisha kabla ya kuchapa zilizobaki.

Saa za leo: 3. Jumla: 53, kwa ukurasa mmoja, dhidi ya 40 nilizokadiria kwa kurasa 366.

Anayetaka kuiga, jedwali la mwisho lina safu hizi: mwaka, mwezi, siku, kalenda, uhakika, tarehe ya karatasi, tarehe ya mwenyewe, mistari. Ukurasa wa pili nadhani utachukua saa 12.

Nimeanza pia ukurasa usiokuwa kwenye mpango. Ile namba ya uhakika niliyojifunza Januari ilinisaidia kusafisha, lakini kwa kubakiza wenye 11 tu nilikuwa nimewafungia nje Muyaka bin Haji wa Mombasa, anayekadiriwa kuzaliwa 1776, na Mwana Kupona, aliyemtungia binti yake utenzi mwaka 1858. Hakuna karani aliyewaandika. Ukurasa wao hauna kichwa cha tarehe, na bado sijaamua utakaa wapi kwenye kalenda: mwishoni baada ya Desemba 31, au mwanzoni, kabla ya Januari 1, pale walipokuwa wamekaa siku ile nilipowafuta.